Panadol inaogopwa, lakini maji ya uzazi yanapunguzwa na dawa nyingine

Tangu Septemba 2025 kuna swali moja linalorudi kila siku ya kliniki ya wajawazito. Mama anakaa kwenye benchi, anatoa simu kwenye pochi, ananionyesha kipande cha video kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. "Nesi, ni kweli panadol inasababisha mtoto azaliwe na usonji?"

Simlaumu anayeuliza, kwa sababu habari hii haikutungwa mtaani. Tarehe 22 Septemba 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, akiwa pamoja na waziri wake wa afya, Robert F. Kennedy Jr., aliwaambia wajawazito wasitumie Tylenol. Tylenol ni jina la biashara tu. Ndani yake kuna parasetamoli, dawa ileile ambayo huku kwetu tunaiita panadol. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaothibitisha kuwa parasetamoli wakati wa ujauzito inaleta usonji. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2024, uliofuatilia watoto zaidi ya milioni 2.4 waliozaliwa Sweden, ulilinganisha ndugu wa mama mmoja: mimba moja mama alitumia parasetamoli, nyingine hakutumia. Tofauti ya usonji haikuonekana.

Lakini kilichonifanya niandike ni kile akina mama wanachofanya baada ya kuiogopa panadol. Mgongo hauachi kuuma kwa sababu ya video. Nyonga zinauma, kichwa kinauma, na mama anakwenda duka la dawa kuomba "ya maumivu, lakini isiwe panadol." Mara nyingi anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Hizo ndizo dawa ambazo tunajua, bila kubahatisha, kwamba zinaweza kupunguza maji ya uzazi.

Kuna jambo ambalo video hazikulibeba. Siku ileile ya tangazo, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaandikia madaktari barua. Barua hiyo yenyewe ilikiri kwamba haijathibitishwa kuwa parasetamoli ndiyo inayoleta usonji, na ikakumbusha kwamba aspirini na ibuprofeni zina madhara yanayojulikana kwa mtoto aliye tumboni. Kwenye WhatsApp likafika onyo la kwanza tu.

Futi iliyosoma namba ileile

Nitasimulia kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila jina lake. Mama wa mimba ya tatu, wiki 30, alikuja akiwa na mama mkwe wake. Nilimpima tumbo kwa futi kama kawaida. Kuanzia wiki ya 20 hivi, urefu kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, kwa sentimita, hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Kadi yake ilionyesha sentimita 26 alipokuwa na wiki 26. Siku hiyo, wiki nne baadaye, futi ilisoma 26 tena.

Nikamuuliza kama amewahi kulowa. Hapana. Shinikizo la damu lilikuwa la kawaida. Mtoto anacheza? "Anacheza, ila kidogo kuliko zamani." Dawa gani unatumia? "Hakuna, nesi. Hata panadol sinywi siku hizi."

Mama mkwe akageuka: "Na zile za mgongo je, mwanangu?"

Alikuwa amekunywa diklofenaki mara mbili kwa siku kwa karibu wiki tatu. Hakuwa ananificha. Kwake yeye, dawa ni ile uliyoandikiwa hospitali. Kidonge cha dukani ni kitu cha kawaida kama majani ya chai. Na muuzaji hakumuuliza kama ni mjamzito, ingawa tumbo lilikuwa mbele ya macho yake.

Tulimpa rufaa siku hiyohiyo. Altrasaundi ilionyesha kipimo cha maji cha 4. Kipimo hiki hupatikana kwa kujumlisha kina cha maji, kwa sentimita, katika pembe nne za tumbo. Chini ya 5 tunasema maji yamepungua, na kikifika 24 au 25 na kuendelea tunasema yamezidi. Daktari alisimamisha diklofenaki na kumwangalia kwa karibu. Baada ya wiki mbili kipimo kilifika 9. Mtoto alizaliwa wiki ya 38 na akamkojolea mkunga kabla hata hajafutwa. Sijawahi kufurahia mkojo kiasi kile.

Maji haya yanatoka wapi

Mkojo huo una maana kuliko unavyodhani. Wengi wanaamini maji ya uzazi ni maji anayokunywa mama, yanashuka moja kwa moja kwenye chupa ya mtoto. Mwanzoni mwa mimba kweli hutoka upande wa mama na ngozi zinazomzunguka mtoto. Lakini katika nusu ya pili ya mimba sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anakojoa, anameza, anakojoa tena. Usishtuke, si mkojo mchafu kama wetu, kwa sababu uchafu wa mwili wake husafishwa kupitia kondo la nyuma. Maji huongezeka hadi kama wiki ya 34 mpaka 36, ambapo huwa kati ya mililita 800 na lita moja hivi, kisha hupungua taratibu kuelekea wiki ya 40.

Sasa fikiria dawa inayopunguza damu inayofika kwenye figo za mtoto. Diklofenaki, ibuprofeni, naproxeni, indomethasini, piroksikamu, meloksikamu na ndugu zao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani za mwili zinazoleta uvimbe na maumivu. Kemikali hizohizo ndizo zinazosaidia damu ipite vizuri kwenye figo za mtoto. Zikizuiwa, mtoto anakojoa kidogo na maji yanapungua. Mama haoni chochote: halowi, haumwi. Tena mgongo umepoa, anajisikia vizuri.

Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hili ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba, isipokuwa daktari ameona lazima. Uingereza nao walitoa tahadhari kama hiyo Juni 2023. Maji kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa au wiki za kutumia dawa, ingawa imewahi kuonekana ndani ya siku mbili. Habari njema ni kwamba mara nyingi yanarudi dawa ikiachwa. Kuanzia wiki ya 30 hivi kuna hatari ya pili: mshipa mmoja mkubwa karibu na moyo wa mtoto, ambao unatakiwa kubaki wazi mpaka azaliwe, unaweza kufunga mapema.

Kama ulikunywa kidonge kimoja au viwili kabla ya kusoma hapa, usikeshe ukilia. Acha, na umwambie mhudumu kwenye mahudhurio yanayofuata. Kama umetumia kwa siku kadhaa na mimba imepita wiki 20, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kesho asubuhi, na ubebe pakiti.

Pakiti ni muhimu, kwa sababu jina la mbele halisemi yote. Kuna vidonge vinavyochanganya parasetamoli na diklofenaki ndani ya kidonge kimoja, na mama anaambiwa ni "panadol kali." Geuza pakiti, soma maandishi madogo, au mpe kijana wa nyumbani akusomee. Sindano ya diklofenaki ni dawa hiyohiyo. Za kupaka zenye diklofenaki huingia mwilini kwa kiasi kidogo, lakini uliza kwanza kabla hujapaka kila siku.

Aspirini ina habari mbili, na hapa naomba tuelewane vizuri. Aspirini ya maumivu, ile ya kipimo kikubwa, iache. Lakini kuna wajawazito wanaopewa aspirini ndogo kila siku na daktari ili kupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba. Kama wewe ni mmoja wao, endelea nayo, usiiache kwa sababu ya makala hii wala kwa sababu ya video.

Na panadol? Kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kisha upite muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na visizidi 8 ndani ya saa 24. Tumia unapohitaji, kwa siku chache. Ila homa kwa mjamzito si jambo la kumeza kidonge na kulala. Panadol itashusha joto huku malaria ikiendelea kushambulia kondo la nyuma. Pima malaria siku hiyohiyo.

Mgongo nao una namna zake: kulala kwa ubavu na mto kati ya magoti, kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kutoinama kuokota vitu. Nikiwaambia wapunguze kubeba ndoo wananicheka, maana kisima hakijahamia nyumbani. Basi niseme na mume, wifi na mama mkwe mnaosoma hapa: ndoo mnaweza kuibeba ninyi.

Mtoto anapata shida gani

Inategemea maji yamepungua lini. Yakipungua sana mapema, kabla ya wiki ya 24 hivi, mapafu ndiyo yanayoumia zaidi. Mtoto tumboni hufanya mazoezi ya kupumua akitumia maji hayo, na nafasi inayomzunguka ndiyo inayoruhusu mapafu kutanuka. Bila maji mapafu hubaki madogo, na mtoto anaweza kuzaliwa kwa miezi yake lakini akashindwa kupumua. Viungo hubanwa, miguu inaweza kupinda. Hali hii ikitokea mapema hivyo, chanzo mara nyingi ni chupa iliyopasuka au figo za mtoto ambazo hazikuumbika sawasawa, na hapo ninyi wazazi mna haki ya kuelezwa ukweli na daktari, hata kama ni mgumu.

Yakipungua miezi ya mwisho, hatari ni kitovu kubanwa. Maji ndiyo godoro la kitovu. Kila mfuko wa uzazi unapobana, damu inayokwenda kwa mtoto inakatika kidogo. Mtoto anayebanwa anaweza kujisaidia ndani, maji yakawa ya kijani, na akiyavuta kwenye mapafu anazaliwa akihema kwa shida. Ndiyo maana mkunga akiona maji ya kijani anabadilika uso.

Nje ya dawa, maji hupungua pia mama akiwa na shinikizo la damu, kondo la nyuma likichoka, au mimba ikipita tarehe. Mtoto wa namna hii anaweza kuzaliwa mdogo. Mama huambiwa na majirani kwamba hakunywa maji ya kutosha. Kunywa maji kunasaidia kidogo, hasa kama mama alikuwa amekaukiwa, na sikatazi mtu jagi lake. Lakini maji ya kunywa hayazibi chupa inayovuja wala hayarekebishi shinikizo la damu. Lawama hiyo iachwe.

Kulowa ambako si mkojo

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado mpya kazini, mama mmoja wa wiki 33 aliniambia analowa. Kliniki ilijaa, foleni ilifika nje. Nilimwambia ni mkojo, mtoto anakandamiza kibofu. Mara nyingi ni kweli. Alirudi baada ya siku tatu akiwa na homa, na maji yana harufu. Mtoto alizaliwa na uambukizi kwenye damu, akalazwa wodi ya watoto wachanga kwa siku kumi. Leo ni mzima, ameanza shule. Mama yake hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Tangu hapo sisemi "ni mkojo" kabla sijaangalia. Nyumbani unaweza kufanya hivi: kojoa, jifute, vaa pedi safi au kitambaa cheupe, lala nusu saa, kisha simama. Maji yakishuka ukisimama, na hayana harufu ya mkojo, chukulia kuwa chupa imevuja hata kama uchungu haujaanza. Kila saa inayopita inawapa wadudu nafasi ya kupanda juu. Usiingize kitu chochote ukeni, usikutane na mume, usinywe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Nenda kituoni. Kama chupa imepasuka kabla ya wiki 37 utahitaji antibiotiki, na kama miezi bado michache, hospitali inaweza kukupa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano hizo zinahitaji muda kufanya kazi, kwa hiyo aliyefika mapema ndiye anayefaidika nazo. Kwa Tanzania, namba 115 hupigwa bure chini ya mpango wa m-mama, na usafiri wa dharura hutafutwa kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Iandike ukutani.

Maji yakizidi

Hili ni la wachache, lakini lisipuuzwe. Tumbo linakuwa kubwa kuliko wiki zake, linang'aa, mama anahema akilala chali. Inaweza kuwa mapacha, kisukari, au mtoto asiyemeza vizuri. Mara nyingi, hasa yakizidi kidogo tu, chanzo hakionekani. Omba upimwe sukari. Kajifungulie hospitali, kwa sababu chupa ikipasuka kwa kishindo kitovu kinaweza kutangulia mbele ya mtoto, na baada ya kujifungua damu inaweza kutoka nyingi. Ukishajifungua, mwambie mkunga kabla hajamaliza zamu: "Nilikuwa na maji mengi." Mtoto anayetoa povu la mate bila kukoma, au anayepaliwa kila akinyonya, huenda umio wake haujaunganika, na hilo linatibiwa kwa upasuaji likigunduliwa mapema. Mtoto wa mama mwenye kisukari anyonye ndani ya saa ya kwanza, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Altrasaundi moja haitoshi kuwa kinga

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ni ushauri mzuri, na bado mashine ziko mjini kuliko vijijini. Ila nimeona unavyoeleweka vibaya. Mama anapima wiki ya 20, anaambiwa maji yapo, anaweka picha kwenye mkoba na kuhesabu kwamba amemaliza. Kipimo hicho kilisema kuhusu siku hiyo. Yule mama wa diklofenaki alikuwa na picha nzuri kabisa ya wiki ya 21.

Kilichomwokoa ni futi ya bei rahisi na kadi iliyojazwa. Kwa hiyo ukihudhuria, kubali kulala kitandani upimwe, na uulize: "Nesi, leo imesoma ngapi? Mara iliyopita ilikuwa ngapi?" Muuguzi atakayekasirika kwa swali hilo anahitaji kuulizwa mara nyingi zaidi. Mtoto akipunguza kucheza kuliko ulivyozoea, nenda siku hiyohiyo, usingoje apumzike.

Mtoto akishazaliwa

Kama maji yalipungua tumboni, au ulitumia dawa hizi miezi ya mwisho, mtazame mtoto anavyokojoa. Anatakiwa kukojoa angalau mara moja ndani ya saa 24 za kwanza. Kuanzia siku ya tano hivi, anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Siku moja imepita bila mkojo, mrudishe kituoni na useme ulikuwa unatumia dawa gani.

Kama chupa ilipasuka muda mrefu kabla ya kujifungua, angalia uambukizi kwa makini zaidi wiki ya kwanza. Amegoma kunyonya. Anahema haraka, zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani. Joto limefika 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5. Amelegea, amestuka kwa degedege, viganja na nyayo vimekuwa vya manjano. Ukiona lolote kati ya haya, hata saa nane usiku, funga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi apate joto, piga 115 au tafuta usafiri, na mnyonyeshe njiani kama bado anaweza.